Kwenda Toten na kurudi siku hiyohiyo: kwa mnaouliza feri inaondoka saa ngapi

Feri hakuna. Tuanzie hapo, maana kila likizo ikinukia napigiwa simu na maswali yaleyale, ndugu wa Dar, wa Moshi, hata majirani zangu hapa Chumbageni ambao kisiwa wanakiona kila siku wakipita bustani ya Jamhuri lakini mguu hawajawahi kuutia: feri ya Toten inaondoka saa ngapi, tiketi shingapi, inakatiwa wapi. Meli za kwenda Pemba na Unguja ni habari nyingine. Kwenda Toten unakodi boti ya mvuvi, unaelewana na nahodha, mnakwenda, mnarudi mchana. Ratiba yake anaipanga mwezi wa mbinguni, na wengi wanaokwama wanakwamia hapohapo.

Kwa asiyejua, Toten ni kisiwa kidogo kilichokaa mbele ya mji wa Tanga ndani ya ghuba, mikoko imekizunguka. Jina ni la Kijerumani, Toteninsel, yaani kisiwa cha wafu, na makaburi kweli utayaona. Zamani watu walikaa huko. Kuna gofu la msikiti wa angalau karne ya 17, makaburi ya karne ya 18 na 19, na vigae vya vyungu vilivyookotwa huko vinarudi nyuma mpaka karne ya 15. Mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wakahamia bara, kisiwa wakakiachia msitu. Leo kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa 2009, pamoja na visiwa vya Yambe na Karange, kwa hiyo sio shamba la bibi, utaratibu upo.

Na mapema kabisa: kama unataka mchanga mweupe na picha za kuogelea, usiende Toten halafu uje unilaumu. Nenda Maziwe upande wa Pangani, hifadhi tangu 1975, fungu la mchanga zuri sana ambalo maji yakijaa linazama. Toten ni ya mtu anayependa magofu na kimya na haogopi tope.

VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Tarehe ya mwezi mwandamo. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha, au programu yoyote ya simu inayoonyesha mwezi, au muulize mzee yeyote anayetoka swala ya alfajiri.
- Viatu vya kufunga ambavyo uko tayari vife. Raba kuukuu nzuri. Ndala hapana, narudia, ndala hapana, tope linazivua na kuzimeza.
- Suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Ndani ni kichaka, miiba na mbu.
- Maji ya kunywa, lita 2 kila kichwa. Kisiwani hakuna duka, hakuna bomba, hakuna mtu.
- Chakula kisichochacha mapema: chapati, mihogo ya kukaanga, mayai, machungwa ya Muheza kama ni msimu wake. Wali wa nazi uache nyumbani, kwa joto la Tanga saa sita unakuwa umeshachacha.
- Jaketi okozi, moja kwa kila mtu. Usikubali kuambiwa "kisiwa kiko hapo tu".
- Mfuko usioingiza maji kwa ajili ya simu, na powabenki.
- Kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havilingani.
- Pesa ya nahodha taslimu, na salio kwenye simu kwa malipo ya hifadhi.
- Begi la kurudishia taka zenu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, beba kikapu au begi la kitambaa.

Panga acha nyumbani. Kuna watu wanabeba panga la kufyekea njia, mkoko haukatwi na kichaka kinachoshikilia ukuta wa miaka mia tatu hakifyekwi na mtu wa pikiniki.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote mtu mzima anaweza kubahatisha na akafika, hii hapana.

Kwenye pwani yetu bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na yanakupwa kama saa nne, saa tano asubuhi, halafu yanakwenda mbali kweli. Sasa fikiria: familia inaamka, inakunywa chai, inafika ufukweni saa tatu, inafika kisiwani saa nne, wakati ambao bahari imekimbia na mbele yako kuna uwanja wa tope na mizizi ya mikoko. Mimi mwenyewe lilinipata mara ya kwanza. Tulikwenda Jumapili, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nahodha tuliyempata alikuwa kijana aliyetaka hela yetu tu, hakusema kitu, boti ikakaa juu ya tope mita mia na kitu kutoka kwenye nchi kavu. Shangazi akagoma kushuka. Binamu zangu wakashuka, mmoja akapoteza viatu vyote viwili, tukakaa juani kama dagaa mpaka saa nane maji yaliporudi kuinyanyua boti, na magofu hatukuyaona.

Siku nzuri ni za maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana. Maji yanachelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukihesabu, mwezi ukifika tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, yanajaa kama saa nne asubuhi, na yakipwa jioni hayaendi mbali. Hapo unaondoka saa mbili maji yakiwa yanapanda, unashuka yakiwa yamejaa, unazunguka, unaanza kurudi saa sita au saba kabla hayajashuka sana. Tarehe 6 mpaka 10 za mwezi zinafaa, na 21 mpaka 25. Ukienda mwanzoni mwa hizo siku, wahi asubuhi sana. Ukienda mwishoni, unaweza kuchelewa kidogo.

Mnaosema "lakini sisi tuna wikiendi tu": sawa, Jumapili hii ikiwa ya bamvua, Jumapili ijayo itakuwa ya maji mafu au karibu yake. Sogeza wiki moja tu. Hicho ndicho kitu watu hawataki kusikia, wameshamwambia kila mtu ni Jumapili hii, wameshanunua nyama, basi wanakwenda kupigana na bahari kwa sababu ya kilo mbili za mishikaki.

2. Tazama upepo

Miezi ya utulivu ni Oktoba na Novemba, halafu Februari mwishoni mpaka Machi kabla masika haijakaza. Juni mpaka Agosti kusi inavuma, Desemba na Januari kaskazi. Ghuba ya Tanga imejikinga, sio kama bahari wazi, lakini boti ndogo ni boti ndogo. Asubuhi huwa shwari, upepo unaamka kuanzia mchana, sababu nyingine ya kurudi mapema.

Jioni kabla ya safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa mikoa ya pwani ikiwemo Tanga, ahirisha. Usimpigie nahodha kumuuliza "vipi, tunaweza?", anayetaka hela ya siku atakwambia tunaweza. Mpigie kumwambia hamji.

3. Pita ofisi ya hifadhi siku moja au mbili kabla

Waambie mnataka kwenda Toten, mko wangapi, siku gani, mnatumia boti gani. Watakupa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, unaweka risiti. Hela mkononi usitoe, malipo ya serikali ni kontroo namba, mtu akikwambia "nipe mimi nitawalipia" mwambie asante. Uliza hapohapo kama kuna askari wa hifadhi au mtu wa kuwaongoza, maana njia za ndani zinaota majani kila masika na mwaka jana sio sawa na mwaka huu.

Watu wengi wanaruka hatua hii wakidhani hakuna atakayejua. Kisiwa kiko mbele ya mji mzima, na kila mvuvi anajua nani kaenda wapi.

Wakati mko mjini, pitieni na boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi, mtazame picha za Tanga ya zamani. Kwa watoto hasa, magofu bila hadithi ni mawe tu.

Halafu kila mara kuna mtu wa kuniuliza kama watamuona silikanti. Hapana jamani. Yule samaki anakaa gizani huko chini, kina kinachokaribia mita 100 na kupita. Dunia ilidhani ameisha tangu enzi za dinosauria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na huku kwetu kuanzia 2003 wavuvi wakawa wanamnasa kwa nyavu za jarife, wanashangaa hili dude gani. Hifadhi ikaja kwa sababu yake. Juu ya maji mtaona ndege, basi.

4. Tafuta boti, na itazame kwa macho yako

Nenda kwenye fukwe za wavuvi, Deep Sea au Sahare, mchana wa siku moja kabla, sio asubuhi ya safari. Fika muda ambao wavuvi wamerudi na wamepumzika, yaani samaki wameshauzwa. Ukifika msalimie mkubwa uliyemkuta, shikamoo yako isikosekane, uliza habari za bahari, ndipo useme shida yako. Ukiingia na "nataka boti ya Toten bei gani" utatajiwa bei ya mgeni wa hotelini hata kama umezaliwa Ngamiani barabara ya saba.

Chaguo ni mbili hivi. Boti ya faiba yenye injini, dakika kumi mpaka robo saa mmefika. Au ngalawa na mashua ya tanga, nusu saa na zaidi kutegemea upepo, tamu sana kama mko wawili watatu na hamna haraka. Na watoto wadogo na wazee, chukua ya injini.

Tazama: kuna maji yanaingia chini? Kuna kata ya kukombea? Kuna pondo au kafi kama injini ikizima? Nanga ipo? Jaketi okozi ziko ngapi, na kamba zake zinafungika au ni mapambo? Mwambie awashe injini mbele yako. Muulize inabeba watu wangapi, halafu wewe panga wachache kuliko alichosema.

Muulize na hili: "kesho maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli anakujibu palepale bila kutazama simu, na jibu lake lifanane na hesabu yako ya hatua ya kwanza. Akisema "ah, maji sio shida", asante, tafuta mwingine.

5. Elewaneni bei, yote, kabla ya siku

Bei siandiki, mafuta yanapanda na kushuka, nikiandika leo keshokutwa mtu ananinukuu kwa nahodha wanagombana. Jua tu inavyojengwa: unakodi boti nzima, sio kichwa kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa sita ni nafuu kuliko mkiwa wawili. Ndani yake kuna mafuta, kuna nahodha na msaidizi, na kuna muda wa kusubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo watu wanapogombana. Wewe unadhani umelipia kwenda na kurudi, yeye anadhani akuteremshe aende kuvua halafu akufuate. Sema wazi: unabaki na sisi, au unabaki karibu na kisiwa, mpaka saa saba. Kama chakula mtampa, mwambie, kama hamtampa, mwambie pia abebe chake, ingawa mtu aliyekuvusha bahari kumnyima chapati ni aibu.

Lipa sehemu kidogo kwa ajili ya mafuta, iliyobaki mkirudi. Usilipe yote mwanzoni hata awe mchamungu kiasi gani.

6. Asubuhi yenyewe

Kama mnatoka Dar, laleni Tanga. Ni kilomita 350 hivi, hakuna basi la alfajiri litakalokuleta stendi ya Kange saa mbili, na kuna watu wanajaribu kila mwaka. Tanga waja leo waondoka leo wanasema, ila sio kwa Toten ukitokea Dar.

Saa moja na nusu muwe ufukweni. Jaketi mvae mkiwa bado mchangani, kwenye boti kila mtu atakuwa na mikono miwili ya kushikia. Simu kwenye mfuko, funguo za gari kwenye mfuko, miwani ifungwe kamba. Mkae nahodha anavyowapanga, mzito na mzito pande mbili, na mtu asisimame kupiga selfi njiani.

Bandari msiipige picha na msipite karibu na meli. Bandari ya Tanga imechimbwa kina mpaka mita 13, meli kubwa sasa zinaingia zenyewe mpaka gatini, na meli kubwa haina breki ya kukusubiri. Drooni ina kibali chake cha usafiri wa anga, kama huna usiitoe.

Mkiwa majini geuzeni shingo mtazame Ras Kasone. Upande ule ndipo Waingereza walipoteremsha jeshi lao kutoka India, watu 8,000 hivi, Novemba 1914, wakapigwa na jeshi dogo la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, sehemu kubwa askari Waafrika, na nyuki nao wakashambulia kila mtu bila kuuliza yuko upande gani. Vikaitwa vita vya nyuki. Siku tatu tu, Waingereza wakapanda meli wakaondoka wakaacha silaha nyuma. Mimi hapo huwa namwambia nahodha apunguze moto kidogo.

7. Kushuka kisiwani

Mwachie nahodha achague pa kuingilia. Kuna mapengo kati ya mikoko, anayajua. Msimlazimishe kushukia mlipoona pazuri kwenye picha.

Mtashuka kwenye maji ya magoti. Ukikanyaga maji buruta miguu, usinyanyue na kukita, samaki aitwaye taa hupenda kulala chini ya mchanga na ukimburutia mguu ataondoka, ukimkanyaga atakuchoma. Mizizi ya mikoko usishike kwa mkono mtupu kwa sababu chaza waliojibandika humo wanakata kama wembe. Tope likikushika mguu usivute kwa hasira, legeza kisigino kwanza, egemea mwenzio.

Kabla hamjaachana na boti, mkumbushe saa ya kurudi na yeye akukumbushe maji. Chukueni namba za simu. Mtandao kisiwani upo, mji uko hapohapo mbele yenu, ajabu yake ni kwamba unasikia muziki wa mjini ukiwa umesimama kati ya makaburi.

8. Magofuni

Twendeni taratibu. Wa mbele awe na fimbo ya kugongea majani, nyoka akisikia kishindo anaondoka. Watoto katikati.

Kuta utakazoziona ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, ujenzi uleule wa pwani nzima, Kilwa, Kaole, Tongoni. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa hiyo msikiti huu kwa kweli ni bahari iliyosimamishwa wima, na ndio maana mizizi inapenya, jiwe lina matundu. Ukuta ulioinama usiuegemee. Usipande juu. Usimwambie mtoto asimame mlangoni umpige picha kama kuna jiwe linaning'inia.

Tafuta kibla. Kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo ukuta wenye mihrabu ndio ukuta wa kaskazini. Hii mimi inanifurahisha kila mara: ukipotea kichakani na simu imezima, rudi msikitini, ukiipa mihrabu mgongo uso wako uko kusini, na mji uko upande huo. Watu waliofariki karne zilizopita bado wanakuonyesha njia ya kwenda nyumbani.

Vueni kofia au msivue, hilo ni lenu, ila sauti zipunguzeni. Ni msikiti, ni makaburi, na kuna watu mjini wanaohesabu mababu zao humo. Mziki wa spika uacheni kwenye boti. Chakula kuleni ufukweni, sio juu ya kaburi, nimeshawakuta watu wametandika khanga juu ya kaburi na soda zimepangwa, nikakosa la kusema.

Vigae msiokote. Utaviona chini, vipande vya vyungu, vingine vina rangi, mkono utawasha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na zaidi ya sheria, kigae kikiwa pale kilipo kinamwambia mtaalamu kitu, kikiwa kwenye kabati lako sebuleni hakimwambii mtu chochote. Piga picha, acha.

Saa moja na nusu magofuni inatosha kabisa. Wanaokaa saa tatu huwa wamepotea.

9. Kurudi

Saa sita na nusu wote muwe ufukweni. Hesabu watu, hesabu mara mbili, hesabu na taka. Kuleni haraka au mkale ng'ambo. Jaketi zirudi mwilini hata kama jua limewachosha, kurudi ndiko kwenye upepo. Mkifika mlipe nahodha pesa yake iliyobaki palepale mchangani, bila kuanza mazungumzo mapya ya bei.

YAKIHARIBIKA

Maji yamekimbia na boti imekaa chini. Msishuke kuisukuma mkiwa wote kwenye tope, mtachoka bure. Nahodha na kijana mmoja wajaribu kwa pondo. Ikishindikana, tafuteni kivuli, gaweni maji ya kunywa kwa kipimo, subirini, maji yanachukua kama saa sita kutoka kupwa mpaka kujaa kwa hiyo baada ya saa tatu hivi yanakuwa nusu na boti inaelea. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini niliandika lita 2.

Injini imezima katikati. Mtu yeyote asiruke majini. Nanga ishushwe msipelekwe kwenye njia ya meli, nahodha atazame mafuta na plagi, na boti nyingine ikipita pungeni nguo. Ghuba hii haikosi mvuvi. Hali ikizidi pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Nahodha aliwaacha na hapatikani. Mpigie aliyekukutanisha naye kule Deep Sea au Sahare, ndio maana nilisema salimia wakubwa, mkubwa mmoja akipiga ukelele pale ufukweni boti inatoka. Usijaribu kuogelea kurudi eti mji unaonekana. Unaonekana karibu kwa sababu uko tambarare mbele ya macho, mkondo huuoni.

Mtu amechomwa na taa. Maji ya moto, kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, azamishe mguu humo hata nusu saa na zaidi, maumivu yanapungua. Kisiwani chupa ya chai ya moto ndiyo itakayokuokoa, changanya na maji kwenye ndoo ya boti. Kipande cha mwiba kikiwa ndani sana usikichokonoe, nendeni hospitali ya Bombo, iko karibu na bahari.

Ofisini mmeambiwa hakuna wa kuwaongoza siku hiyo. Ongeeni na nahodha kama yeye mwenyewe anaijua njia ya msikitini, wengine wanajua ufukwe tu. Kama haijui na hamjawahi kwenda, mimi ningebadilisha siku.

Mmeamka, bahari imechafuka, na nyama mmeshanunua. Nendeni Tongoni kwa gari, barabara ya Pangani, kilomita 17 hivi kusini ya mji. Makaburi zaidi ya 40, mengine ya minara, na gofu la msikiti mkubwa, yote nchi kavu, na ukweli usemwe Tongoni magofu yake yamesimama vizuri kuliko ya kisiwani. Kiingilio kipo, kofia muhimu, kivuli kidogo. Mishikaki mchome mkirudi Ras Kasone.